Si maji yaliyokuziba sikio

Skuli zikifungwa, hatukosi kijana anayeingia kituoni kwetu cha afya kainamisha kichwa, anajipiga sikio kwa kiganja. Jana yake alikuwa Forodhani, pwani ya mjini Unguja, anajirusha baharini na wenzake. Maji yameingia, anasema, na hayataki kutoka. Tukimulika kwa tochi, mara nyingi tunachokiona ni nta ya sikio.

Nta ilikuwamo zamani, ila palikuwa na upenyo. Ilipokunywa maji ikafura, upenyo ukafa. Tundu lenyewe lina urefu wa kama sentimita 2.5 tu kwa mtu mzima.

Watu huiita uchafu, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Nta hutengenezwa na ngozi ya sikio yenyewe ili kunasa vumbi na vidudu na kuzuia maji yasilowanishe ngozi. Ngozi ya humo ndani husogea nje polepole ikiibeba, na taya likitafuna huisukuma. Sikio hujisafisha. Sisi ndio tunaoirudisha ndani: kwa ufunguo, njiti ya kibiriti, unyoya wa kuku (bado wapo!), na hivyo vijiti vya pamba. Kijiti kikitoka na rangi ya kahawia unafurahi, kumbe kilichotoka ni kidogo na kilichobaki umekishindilia.

Wazee huzibwa zaidi, kwa kuwa nta yao huwa kavu na ngumu. Bibi mmoja alituletea mumewe akilalamika kwamba akiitwa haitikii. Tulipomaliza, mzee akatazama juu akauliza kama feni ile ilikuwa ikipiga kelele vile tangu alipoingia.

Nyumbani unaweza kuanza na mafuta ya zeituni, vuguvugu la mwili, bila ya kitunguu thomu ndani. Lala ubavu, tia matone 2 au 3, tulia dakika 5. Fanya hivyo siku 3 hadi 5. Siku za mwanzo huenda ukasikia kwa shida zaidi, maana nta inalainika. Usitie kitu ikiwa sikio linatoa usaha au damu, linauma sana, au kiwambo chake, ile ngozi nyembamba ya ndani, kiliwahi kutoboka.

Ukija kwetu, kwanza tunaangalia. Kisha tunaivuta kwa mashine au kuisukuma kwa maji ya nyuzi 37. Maji ya baridi yatakuzungusha kichwa kama uko kwenye boti ya Pemba wakati wa kusi. Ukikohoa tunapogusa ndani, usishtuke. Kuna mshipa wa fahamu humo unaochokoza koo. Mwenye kisukari atwambie kabla, kwani ngozi yake hushika maradhi upesi na kwake hatutumii maji.

Lakini sikio likikata ghafla, leo unasikia na kesho husikii, usikae na mafuta ukingoja, wala usianzie kwetu. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, siku hiyo hiyo, na kama uko Pemba, hospitali ya Abdalla Mzee.