Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wanaotafuta mtoto nao wapewe mshauri

Mheshimiwa Waziri, salaam nyingi kutoka Temeke.

Naandika kwa niaba yangu na mume wangu ila najua tupo wengi, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anapitia shida ya kupata mtoto. Habari ya gharama washakuambia wengine, watu wanauza viwanja na kukopa vikoba ili wapandikize mimba (yai linarutubishwa maabara kisha linarudishwa tumboni), sirudii. Mi nataka kusema yanayotokea kichwani na ndani ya nyumba maana kliniki hakuna anayeyauliza.

Unaanza na vidonge vya kupevusha mayai, baadae sindano za homoni unajichoma mwenyewe tumboni kila jioni, na zile dawa zinakuvuruga, unalia bila sababu, unamfokea mume kisa chumvi, na yeye hajaambiwa na mtu kwamba ni dawa, anaona tu mke kabadilika. Halafu mnapangiwa siku za kukutana. Nisamehe Mheshimiwa ila lazima niseme, tendo la ndoa linageuka zamu ya kazi, mtu katoka kwenye mishe zake hoi lakini leo ndo siku yenyewe, asipoweza mnanuniana wiki nzima.

Na wanaume jamani tuwaonee huruma. Anapewa kikopo aende chooni akatoe mbegu, choo hichohicho cha wagonjwa wote, watu wanagonga mlango, akitoka anakabidhi dirishani mbele ya foleni. Wa kwangu siku ile alirudi nyumbani hakuongea mpaka kesho yake. Tatizo mara nyingi linakuwa kwa mwanaume pia, ila ukweni anayesemwa ni mke, mawifi wanauliza "vipi, mbona kimya?" na yeye anashindwa kusema jamani ni mimi, basi ile siri inawatafuna wote wawili.

Kibaya zaidi ni zile wiki mbili za kusubiri baada ya kupandikiziwa, kila ukienda chooni unaangalia kama kuna damu. Ikigoma unapigiwa simu, "haijashika dada, pumzika kwanza", basi. Hakuna msiba kwa hiyo hakuna anayekuja kukupa pole, na kesho yake unaenda kazini kama kawaida.

Sasa Mheshimiwa, ushauri nasaha sio kitu kigeni kwetu. Mtu akienda kupima VVU anakaa na mshauri, mpaka zahanati za vijijini huko, na ni serikali hiihii iliyolisimamia. Anayetafuta mtoto kwa nini asipewe? Naomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa inayotibu ugumba iwe na mshauri aliyesomea, awaone mke na mume PAMOJA kabla dawa hazijaanza, na majibu mabaya watu wapewe wamekaa chumbani mlango umefungwa. Wanaume wapate chumba chenye kitasa. Sisi tusikalishwe benchi moja na wajawazito, hilo hata hela halihitaji. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023, kumuona mshauri kuingizwe kwenye kitita cha huduma zinazolipiwa na bima hata kama kupandikiza bado mnaona ni ghali.

Bajeti ijayo ya wizara ikisomwa hapo Dodoma naomba hili liwemo.

Wako,
Mke wa mtu, Temeke