Maji ya Kuoga Yangoje
Kwa kina mama wa vyama, Majengo, Kisauni na Likoni

Assalaam alaykum, wanangu.

Mtu akibakwa, nyinyi ndio hugongewa mlango kwanza, kabla ya polisi na daktari. Na tulivyolelewa, mkono hukimbilia sufuria: maji yabandikwe, binti aoge, leso ifuliwe, asitirike.

Yaacheni hayo maji. Aliyebakwa asioge kabla ya kufika hospitali. Nguo alizovaa zitieni kwenye bahasha ya kaki au mzifunge kwa gazeti. Nailoni huhifadhi unyevu, na unyevu huharibu ushahidi. Kama ameshaoga, mpelekeni vilevile. Hospitali ya Coast General kuna kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Dawa za kukinga HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Kisha humezwa siku 28. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyebakwa, na P3, fomu ya kuthibitisha majeraha kwa ajili ya kesi, itatoka polisi.

Njiani msimhoji. "Ulifuata nini huko?" si swali la kumuuliza mtu anayetetemeka ndani ya tuktuk. Kaeni naye, mshikieni mkoba, basi. Mengine mwachieni mshauri nasaha, aliyesomea kusikiliza na asiye na baraza la kwenda kusimulia. (Baadhi yetu, tuseme kweli, tunalo.)

Watakuja wazee na sulhu: fidia kidogo, mbuzi, yaishe, tusiaibishane. Kataeni. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kuiondoa kesi kama hiyo ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si wa mzee wa mtaa wala baba wa mtoto. Na mke anayepigwa msimwambie asubiri mpaka Kadhi aamue talaka. Sheria ya 2015 ya kukinga dhidi ya dhuluma za nyumbani inamruhusu kuomba mahakamani amri ya kumlinda, ndoa ikiwa ingalipo.

Akija mvulana, mambo ni hayo hayo. Msimcheke.

Ombi langu la mwisho ni la fedha. Ushauri nasaha hauishi kwa kikao kimoja, na safari ya kutoka Likoni, feri kisha matatu, humchosha mtu asiye na kitu mfukoni. Tengeni nauli kwenye mfuko wa chama, atakayeihitaji apewe bila kuitangaza kikaoni. Nyuma ya daftari andikeni 1195, nambari ya msaada isiyolipishwa, usiku na mchana. Ya watoto ni 116.

Mama yenu, Mombasa