Zuhura, usianze tena Jumatatu

Zuhura dada yangu,

Salaam nyingi toka huku Kibuli, Kampala, sisi wazima, mama anakusalimia sana. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa ndani ya teksi naelekea soko la Owino nikaizima katikati maana ulivyoanza kulia na mimi machozi yalinijia mbele za watu. Umesema mizani ya kliniki imeonyesha 91, kilo zote 14 zimerudi na moja juu, na kwamba Jumatatu unaanza ile diet ya kukonda ya maji ya ndimu na nanasi mpaka kwanjula ya mdogo wako, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, mwezi wa kumi na mbili. Nimeona nikuandikie badala ya kukujibu kwa sauti, ili usome polepole na ukitaka urudie. Nakuomba dada, hiyo Jumatatu usiianze.

Wewe unalijua lile gauni langu la kitenge la kijani, nililoshonewa kwa ajili ya harusi ya kaka. Wiki iliopita nililigeuza ndani nje nikakaa nalo dirishani, nilikuwa natafuta tu pale palipofumuka. Ubavuni kuna mistari mitatu ya matundu ya sindano, imefuatana, na kila mstari ni safari moja ya kwa fundi, nimekonda abane, nimenenepa afumue. Mstari wa ndani kabisa ni ule mwaka wa supu ya kabichi. Wa kati ni ile chai ya kupunguza niliyouziwa mtaani, ilioniharisha mpaka nikaanguka bafuni. Kitambaa pale kimechoka, ukikiinua kwenye mwanga unaona jua linapita. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu sana Zuhura, nikawaza kama nguo imechoka hivi, je mwili wenyewe?

Sasa nikwambie nilichojifunza, na sikukijua mpaka nilipoanza kumpeleka mama kliniki ya sukari. Kuna nesi mmoja pale, mtu mzima, hana haraka. Nilimwambia mimi sina nidhamu, napungua alafu naachia. Akaniuliza, baada ya kupungua njaa inakuwaje? Nikamwambia inakuwa kali kuliko mwanzo, mpaka usiku naota chapati. Akasema basi si nidhamu hiyo, ni mwili wako unakulinda, unafikiri kumeingia njaa nchini.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma kwenye simu. Kumbe mwaka 1944, vita vya pili vya dunia bado havijaisha, kule Minnesota Marekani mtaalamu mmoja anaitwa Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya nzuri, waliojitolea wenyewe, akawapa kama nusu ya chakula walichozoea kwa miezi 6. Walipoteza karibu robo ya uzito. Lakini sikiliza walivyokuwa, walisikia baridi, hasira za haraka, kazi hawaziwezi, na mawazo yao yote yakawa chakula tu, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi kuvisoma kama riwaya. Na waliporuhusiwa kula wakawa wanakula mpaka tumbo linauma na bado wanasema hawajashiba, na mafuta ya mwili yakarudi kupita yalivyokuwa mwanzo. Zuhura, hao hawakuwa watu wa kupenda kula, walikuwa vijana wakakamavu! Nikakukumbuka wewe ile siku ya tisa ya nanasi, unanitumia video za watu wanaokaanga chapati saa sita za usiku, na ukajiita mlafi. Hukuwa mlafi, ulikuwa na njaa, mwili ulikuwa unakuita.

Na haiishi ukishafika kwenye kilo unayoitaka, hapo ndipo tulikuwa tunadanganyika. Kuna utafiti wa Melbourne Australia uliotoka 2011, watu 50 walipunguzwa kwa chakula kidogo sana wiki 10, alafu wakawafuatilia. Mwaka mzima umepita, homoni za njaa na za kushiba, yaani zile kemikali za mwili zinazotuambia tule au tuache, bado hazijarudi mahali pake, watu bado wanasikia njaa kuliko kabla hawajaanza. Mwaka mzima dada. Sasa wewe unafika kwanjula umekonda, watu wanakusifia, kesho yake unarudi kwenye chakula cha kawaida na mwili una njaa ya mwaka mzima mbele yake, tena unachoma chakula kidogo kuliko zamani kwa sababu umekuwa mdogo na umejifunza kubana matumizi. Tena ukishuka kwa kasi na misuli inaondoka, si mafuta peke yake. Nani angeshinda hapo?

Kwa hiyo mimi nimeacha kukimbilia kupungua, nahesabu kutorudi. Nilikuwa 89, leo ni 83, na nimekaa kwenye hiyo 83 kupanda kushuka kidogo mwaka na nusu sasa. Najua kilo 6 zinakuonekea si kitu ukilinganisha na zile 14 zako. Lakini zile 14 ziko wapi? Na kwa sisi wenye mama wenye sukari nesi alinambia kitu kikanituliza. Kule Marekani, utafiti uliotoka 2002 na watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanaelekea kupata sukari, wale waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, idadi ya waliopata sukari ilikuwa ndogo kwa asilimia 58 ukilinganisha na ambao hawakufanya hivyo. Asilimia 7 ya 91 yako ni kilo 6 na kidogo, basi! Hakuna aliyewaambia wafike kilo za usichana.

Unataka kujua nafanya nini, najua utauliza. Kitu cha kwanza kilikuwa kigumu kuliko vyote, nilianza kula asubuhi na mchana. Mimi nilikuwa nashinda na chai mpaka jioni najiona nimefanya vizuri, alafu saa moja usiku nanunua rolex mbili, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, pale chini barabarani na nikifika nyumbani namalizia posho (ugali) ya watoto. Sasa mchana nakula kabisa, maharage mengi, mboga za majani kama nakati au dodo nusu sahani, matoke (ndizi za kupika) vipande vitatu vinne, binyebwa, ule mchuzi wa karanga, naweka maana nikiinyima siku mbili siku ya tatu naimaliza sufuria nzima. Posho sijaiacha wala chapati sijaiacha. Soda ndio nimeacha, na sukari kwenye chai nimeishusha toka vijiko vitatu mpaka kimoja, polepole, miezi miwili hivi mpaka ulimi ukazoea.

Alafu natembea. Kila jioni baada ya Alasiri napanda kilima mpaka msikitini juu na kushuka, boda wote wa pale steji wameshanizoea hawaniiti tena. Mwanzoni nilikuwa nasimama mara nne kupumua, sasa nasimama mara moja, na hiyo nafurahia kuliko namba ya mizani wallahi. Mizani napanda Ijumaa asubuhi tu. Ikipanda kilo mbili sijiadhibu na sifungi kula, naangalia wiki ilikuwaje, nililala? (Usingizi dada, usidharau, nikilala masaa manne tu, siku inayofuata nakula kama sijawahi kuona chakula.) Nilikuwa na wasiwasi wa mama? Nikigundua narudi kwenye utaratibu wangu uleule, sianzi kitu kipya.

Na hapa ndipo nafikiri tulikuwa tunaharibu zaidi, wewe na mimi. Tukila luwombo, ule mchuzi wa nyama unaopikwa ndani ya majani ya mgomba, kwenye sherehe tunasema basi nimeshaharibu, ngoja nile mpaka Jumapili nianze Jumatatu. Hizo siku za kungoja Jumatatu ndizo zilikuwa zinaturudishia kilo, si ile luwombo. Idi iliopita nilikula pilau sahani mbili, nikafurahi na watu wangu, na kesho yake asubuhi nikanywa uji nikapanda kilima. Banange, nilijisikia huru, siwezi kukuelezea.

Nisikufiche, njaa ipo. Kuna jioni nasimama jikoni mlango wa kabati uko wazi na sijui nimefuata nini. Na kuna shangazi zetu, unawajua, mwezi huu wanakwambia umenenepa mwezi ujao wanakwambia unaumwa. Mimi niliwaomba kwa heshima wasiniongelee mwili mbele za watu, mmoja alinuna, wengine wameelewa.

Tena ukienda kliniki mwezi ujao waombe wakupime na sukari na presha, usiishie kwenye mizani. Ukisikia kizunguzungu au ukijikuta unakula kwa kujificha na kutapika, mwambie nesi wazi, usione aibu, hiyo inatibika.

Kuhusu kwanjula, gomesi, ile nguo yetu ya sherehe utakayovaa, ishonwe kwa mwili ulio nao leo. Nitakuja Jinja Jumamosi ya wiki ijayo twende wote kwa fundi, kitambaa nanunua mimi, nimeshaona kimoja rangi ya zambarau hapa Kikuubo kitakupendeza sana. Mwambie fundi apime bila kubana, usivute tumbo ndani. Nitakuja na viatu vyangu vya kutembelea, uniandalie njia ile ya kandokando ya mto. Na mchana tutakula, wewe nipikie ile samaki yako ya nazi.

Nipigie leo baada ya Magharibi, nitakuwa nimeshashuka kilimani.

Wako anayekupenda,
Mariamu