Mionzi ya hospitali inafuatiliwa mpaka getini tu

Mhariri,

Miaka yote nasoma nanyamaza, ila ile habari yenu ya mionzi ya hospitali imenichefua. Afisa kasema kila kitu chenye mionzi hospitalini kipo kwenye rejesta, na nyie mkaandika hivyohivyo, hata swali moja hamkumuuliza. Kwenye rejesta hata magari mabovu yapo!

Mngemuuliza ya Goiânia, Brazil. Kliniki ilihama 1985 ikaacha mashine ya kutibu kansa kwenye jengo bovu, 1987 jamaa wawili wakaing'oa wakauzia mtu wa vyuma chakavu. Ndani kulikuwa na seziamu-137, kitu cha mionzi, unga unaong'aa bluu gizani, watu wakagawana, mtoto wa miaka 6 akala yai mikono imejaa unga ule. Aliyeshtuka ni mke wa mwenye yadi, si afisa, akapanda basi na mabaki kwenye mfuko kupeleka ofisi ya afya. Akafa yeye, akafa yule mtoto, jumla wanne, na watu 249 wakakutwa na mionzi mwilini au kwenye nguo.

Sasa ya kwangu. Dada yangu kapewa ayodini-131, dawa ya mionzi ya kutibu tezi ya shingo, hospitali siitaji, akaambiwa nenda nyumbani mama. Akapanda daladala ya Mbagala kabanwa na mjamzito, kufika kambeba mjukuu. Usiku ndo nasoma karatasi yao, Kiingereza kitupu, eti kaa mbali na watoto na wajawazito siku kadhaa, lala peke yako, choo flashi mara mbili. Flashi ipi?? Choo chetu cha shimo, tunashea na wapangaji! Na mionzi ya dawa yenyewe inachukua siku 8 kupungua nusu tu. Kumpigia nesi, "si alipewa maelezo".

Na hawa wa vyuma chakavu nao, mifuniko ya chemba imeisha mtaani, vibao vya barabarani wanang'oa, mwenye mzani haulizi kitu anapima tu analipa. Siku akiletewa kichwa cha mashine ya kobalti, nayo ya mionzi ya kutibu kansa, atauliza?

Tume ya Nguvu za Atomiki ishuke mtaani, ichore ile alama ya hatari ya mionzi, ya njano yenye mapanga matatu, kwenye kila mzani kuanzia Tandale mpaka Buguruni, na chini yake namba ya simu ya bure inayopokelewa na mtu, siyo "bonyeza moja". Rangi lita ya kwanza nanunua mimi.

Msomaji wenu, Mbagala