Anubia yako ifukue leo

Sahibu yangu, salaam aleykum,

Habari ya Nairobi na baridi yake? Huku Tudor, Mombasa, joto ndio lile lile, hita ya tangi la samaki nshaitoa, haina kazi. Ile picha ya tangi lako nimeiona nikacheka, halafu nikasikitika, yakhe anubia, mmea wa majini ule, umeizika kwenye changarawe mpaka shingoni! Utaiua hio.

Mi nshaiua moja. Nliipanda kama mchicha, baada ya wiki kadhaa jani nikiligusa tu linabaki mkononi, kuivuta nakuta tunguu limelegea kama ndizi iliooza, na harufu yake mama akauliza nani kaacha samaki nje ya friji. Lile tunguu, hilo shina nene lililolala kama tangawizi, ndio roho ya mmea. Mizizi ikishuka mchangani sawa, lenyewe lataka kukaa wazi kwenye maji. Kwao ni Afrika Magharibi, huko kwenye vijito hujishikilia kwenye mawe na magogo, sa wewe wampeleka kaburini. Java feni pia vivyo hivyo (sio feni ya darini, ni mmea mwingine wa majini).

Kigogo changu cha kuifungia nlikiokota ufuoni maji yalipokupwa. Nikakiroweka wiki mbili nabadilisha maji kila siku chumvi itoke, kisha nikakichemsha kwenye sufuria la pilau, maji yakatoka mekundu kama chai ya mkandaa. Sufuria nimelisugua mara tatu na mama bado hajui, nakuomba likae hapo hapo. Ukitaka jiwe, usichukue ya matumbawe kama haya tunayojengea huku, yana chokaa, yatafanya maji kuwa magumu. Ukiwa na shaka litonezee siki, likitoa povu liache.

Kufunga sasa. Wengi wapenda supaglu, ile ya jeli, unakausha mizizi kidogo kwa tishu, unatia tone dogo, unabonyeza mpaka ishike halafu unatumbukiza ndani, ikigeuka nyeupe majini usishtuke. Mi supaglu tumekosana, ilinigandisha kidole gumba na jani pamoja nikabaki nimesimama pale sebuleni kama mjinga na mgeni abisha hodi. Kwa hivo natumia mshipi, ule mwembamba wa kuvulia, nazungusha mara tatu nne kupitia katikati ya majani, na usikaze kama mzigo wa mkokoteni maana utalikata tunguu. Uzi wa pamba wa cherehani uweke kwa mosi (kuvumwani ya majini), huo waoza wenyewe na mosi huwa ishashika, lakini anubia ni mvivu, uzi waweza kuoza yeye hata mzizi mmoja hajaushusha. Mshipi hauozi, mizizi ikishika utaukata kwa mkasi. Na usiwe wa kuinua kila siku uangalie kama imeshika, nakujua wewe.

Kama tunguu lako lishalegea upande mmoja, kata hapo kwa wembe mpaka ufike penye ugumu na kijani, hio iliobaki ifunge. Ikiwa lote limekwenda usinunue nyingine, yangu nimeigawa nikakutolea kipande chenye majani matano, nakifunga kwenye gazeti bichi ndani ya mfuko wa plastiki, shemeji apanda basi Ijumaa usiku. Mpokee asubuhi mapema, na mfuko usiuache juani.