Warumi wengi walinywea vikombe vya bei chee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitie neno kuhusu makala yenu ya kikombe cha Lycurgus, kile cha kioo cha Kirumi kilichopo British Museum ambacho ni kijani kikimulikwa kwa mbele na chekundu taa ikiwa nyuma. Makala ilinikaa vizuri mpaka pale mlipoandika kwamba hivyo ndivyo Warumi walivyokunywa mvinyo mezani. Sivyo hata kidogo. Kile ni kitu cha fahari cha karne ya 4, na sidhani kama mwenyewe alikitoa kila mgeni alipobisha hodi.

Mezani pa watu wa kawaida palikuwa na vikombe vidogo vya kioo, tena vya bei chee. Vilishuka bei baada ya mafundi wa upande wa Shamu kuanza kupuliza kioo, karne ya 1 kabla ya Kristo. Zamani chombo kilitengenezwa kwa kalibu, kikaachwa kipoe, kisha kikasuguliwa na kung'arishwa. Kwa bomba, fundi anachota uji wa kioo nchani, anapuliza huku akizungusha, na baada ya muda mfupi kikombe chembamba kimepatikana. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa zama hizo, anasema mjini Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa sarafu ya shaba. Naye Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, aliandika kwamba kioo kimeiondoa dhahabu na fedha katika vyombo vya kunywea.

Vya ghali vilikuwepo, sikatai. Pliny huyohuyo anataja vikombe viwili vidogo vilivyouzwa sestertii 6,000 (sarafu za Kirumi) enzi za kaisari Nero, wakati askari wa jeshi alilipwa 900 kwa mwaka. Lakini bei kama hiyo ilitajwa kwa sababu ilishangaza.

Mngetuonyesha kikombe kile kilichopatikana Colchester, Uingereza, nacho kipo British Museum. Ni cha karne ya 1, kimepulizwa ndani ya kalibu, na ubavuni mwake magari manne ya farasi yanafukuzana. Juu yake kuna majina ya madereva. Hierax, Olympas na Antilochus wameandikiwa "kwaheri". Cresces, mshindi, ameandikiwa salamu. Washabiki wa Simba na Yanga hawahitaji kuelezwa kilitengenezewa nani. Fundi mwingine, Ennion, alitia jina lake kwenye vikombe vyake kwa Kigiriki, na baadhi akaviongezea maneno "akumbukwe mnunuzi". Huyo anazungumza na mteja wa dukani, si na kaisari.

Hata vikivunjika havikutupwa ovyo. Meli ya Kirumi iliyogunduliwa mwaka 1986 baharini karibu na Grado, Italia, ilikuwa na pipa la vipande vya vioo vilivyokwenda kuyeyushwa upya.

Na kama mnatafuta habari inayogusa pwani yetu, basi ipo. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, unaorodhesha bidhaa zilizoletwa huku kwenye masoko ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, soko la Rhapta likiwemo: mikuki ya Muza, bandari ya Uarabuni, vishoka, visu na vijiwe vya kioo vya aina kadhaa. Sehemu nyingine waliletewa wenyeji mvinyo na ngano, si za kuuza bali za kujenga urafiki. Vikombe vya kunywea mvinyo huo havitajwi. Hilo lichunguzeni, nitalisoma kwa hamu kuliko kikombe kingine cha tajiri.

Msomaji wenu,
Tanga