Watu wa bima waje waone tofali tatu za dukani kwangu

Mhariri, asalaam aleykum na pole na kazi. Nimesoma barua ya msomaji mmoja wa Muheza aliyesema kampuni za bima ni wezi tu, kiangazi wanakula hela masika wanajificha, nikacheka, halafu nikaona hapana na mie niandike maana hilo jambo limenikuta na sikubaliani nae yote.

Mie nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga, barabara ya ngapi sitaji wenyewe watanijua. Masika ya mwaka juzi mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi nafungua mlango maji yako magotini, mifuko 64 ya saruji ile ya chini yote inaelekea kuwa mawe. Bima ninayo, nikampigia ajenti, akaja asesa, yule mkaguzi wa hasara, kijana mpole kapiga picha kaondoka, wiki tatu baadae naambiwa mkataba wako ni wa moto, wizi na bomba kupasuka, mafuriko hayamo, hiyo ni nyongeza ulitakiwa uiombe na uilipie. Na siku nakata bima ajenti huyohuyo alinambia "bosi hii inakava kila kitu". Mkataba kurasa 19 kizungu kitupu, nani angeusoma.

Nilinuna mwezi mzima. Idi ilipofika akaja mpwa wangu anaefanya kazi ofisi ya bima Dar, nikamkalisha kitako anieleze. Akasema mjomba, gari likigongwa Chumbageni haina maana magari ya Mabawa nayo yatagongwa siku hiyo, kwa hiyo wengi wanachangia wachache wanalipwa, hesabu inakaa. Mvua haiko hivyo. Ikishuka inashuka kwa wote, mtaa mzima unadai siku moja, na kampuni iliyojaza wateja wake bonde moja inaweza kufa kwa usiku mmoja. Ndo maana bima ya moto utabembelezwa ukate ila ya mafuriko mpaka uulize mwenyewe.

Akanipa mfano wa Marekani, kimbunga Andrew mwaka 1992 kilivyopiga Florida. Kampuni za huko zilikuwa zinaangalia hasara za miaka ya nyuma tu, na miaka ya nyuma vimbunga vilikuwa vichache huku nyumba zinajengwa kila kukicha ufukweni, kilipokuja hicho kimoja kampuni kadhaa zikafilisika. Toka hapo hesabu za kompyuta ndo zikashika usukani, wanatengeneza miaka maelfu ya dhoruba za kubuni, wanazipitisha juu ya ramani ya nyumba walizokatia bima, wanaangalia ipi inavunjika na inawagharimu ngapi. Halafu na wao wanakata bima yao, ile wanaita bima mtawanyo, kwa TAN-RE hapa nyumbani au kwa wakubwa wa Ulaya kina Munich Re na Swiss Re. Yaani dhoruba ya Florida inaweza kupandisha bei mpaka huku kwetu, maana mfuko wa mwisho ni uleule.

Kingine alichonifungua macho ni ile "mafuriko ya miaka 100". Mie nilidhani yakishakuja basi wajukuu ndo watayaona tena. Kumbe maana yake ni asilimia 1 kila mwaka, na ukikaa na duka miaka 30 uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni kama asilimia 26. Sio mchezo. Na wale wanaosema vimbunga ni vya Msumbiji wakumbuke cha Aprili 1872 kilivyoivunja Unguja na Bagamoyo, Aprili 1952 Lindi, na Hidaya Mei 2024 boti za Unguja zikasimamishwa.

Basi hasira za kampuni zikanitoka, za ajenti bado.

Sasa lalamiko langu lenyewe hili hapa. Baada ya yale maji nilivunja sakafu nikapandisha kwa tofali tatu, nikaweka na mbao za kubebea saruji, pesa nyingi tu. Nikaenda kukata bima upya na safari hii nikaomba mafuriko yaandikwe. Bei niliyotajiwa ni ileile ya jirani yangu ambae duka lake liko chini kama kisima. Nikauliza mbona hamjaja kuangalia, nikajibiwa eneo lenu lote ni la maji. Hivi kompyuta inayoweza kuhesabu dhoruba elfu inashindwaje kuona tofali tatu? Haishindwi, ila hakuna aliyekuja kuipa hiyo habari. Na kama kupandisha sakafu hakupunguzi hata shilingi, nani mwingine atapandisha?

Kuna wanaosema dawa ni ile bima ya kipimo cha mvua, milimita zikifika kiasi fulani unalipwa bila asesa. Nzuri kwa haraka yake, lakini Malawi ukame wa 2015/16 hesabu za mpango wa bima ya ukame wa Umoja wa Afrika zilisema mwanzo hakuna cha kulipwa na huku watu wana njaa, kumbe kwenye hesabu waliweka mahindi yanayokomaa kwa muda mrefu wakati wakulima wamepanda ya muda mfupi, wakarekebisha ndo serikali ikalipwa kama dola milioni 8. Kwetu vilevile, mvua inaweza kumwagika Duga na kipimo kiko kwingine kikavu.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lenu, kampuni za bima na TIRA, mamlaka inayozisimamia, wakae na sisi wafanyabiashara wa Ngamiani kabla ya masika, mtu mmoja aje na futi kamba apime sakafu duka kwa duka, haimalizi hata wiki. Na ukurasa mmoja wa kiswahili ubandikwe mbele ya mkataba, mafuriko yamo au hayamo. Chai ntatoa mie.

Mwenye duka, Ngamiani, Tanga